Mteja Aliyeondoka Bila Kununua

Vijana wanaoniomba ushauri kuhusu biashara ya simu huanza na bei. Wanataka kujua nani anauza rahisi, kampuni ipi imeshuka na ipi imepanda. Mimi nimeuza simu tangu enzi za kitochi, kwanza dukani kwa mjomba, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kisha nikawa msimamizi wa mauzo wa kampuni za nje katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na sasa ni wakala wa jumla. Nimeishuhudia kampuni iliyoongoza dunia nzima katika kazi hii ikiondoka kwenye kabati letu la vioo, na nafasi yake ikachukuliwa na kampuni ambayo hata huko kwao watu hawaijui. Bei ilikuwa na mchango wake. Ila kwa niliyoyaona, mshindi aliamuliwa zaidi na jambo lingine: habari za mteja aliyeondoka bila kununua zilimfikia nani, na huyo aliyefikiwa alikuwa na mamlaka ya kufanya nini.

Kariakoo ya wakati ule ilikuwa ya Nokia. Mteja hakuomba simu, aliomba Nokia, na sisi tulioshika biashara tulikuwa na sababu za kuiheshimu. Ile 1100 iliyotoka mwaka 2003 ilikuwa na tochi, vitufe vyake vimefunikwa vumbi lisiingie, na chaji ilikaa siku kadhaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mambo hayo hayakupatikana kwa kubahatisha. Nokia ilikuwa na watafiti waliokaa na watu wa kawaida, Uganda wakiwemo, wakitazama simu moja inavyozunguka mikononi mwa watu wengi. Ndiyo maana mwaka 2007 ikatoka 1200, yenye vitabu kadhaa vya majina ndani ya simu moja na kipimo cha gharama kwa anayekodisha simu yake kijijini. Nayasema haya makusudi, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Nokia ilianguka kwa kutosikiliza. Masikio ilikuwa nayo, tena mazuri.

Kilichoishinda kilikuwa mbele ya macho yetu kila siku. Mitandao ilikuwa inagombania wateja: Vodacom, Celtel, Tigo, Zantel. Kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, kuvuka kwenda mwingine kulikula vocha vibaya. Kwa hiyo kila mwenye shughuli zake alikuwa na laini mbili au tatu. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa Mbeya aliyekuja kufuata mzigo. Alikaa kwenye benchi letu, akafungua mgongo wa simu, akatoa betri, akachomoa laini, akaweka nyingine aliyoifunga kwenye kipande cha karatasi, akasubiri simu iwake, akazungumza na mkewe, kisha akaanza upya kurudisha ile ya kwanza. Katikati ya kazi hiyo laini ikamdondoka chini ya kabati, tukainama wote kuitafuta. Alipoipata akaniuliza kwa upole: “Dada, hamna ya laini mbili?”

Nokia ya laini mbili haikuwepo. Zilikuwepo za Kichina zisizo na jina la maana, zenye spika kubwa na betri zinazovimba, nazo zilinunulika. Mwaka 2007 Tecno ikatoa T780 yenye laini mbili, wakati jina lenyewe bado lilikuwa geni masikioni. Nokia iliitangaza C1-00 katikati ya mwaka 2010, nayo ilikuwa na nafasi mbili za laini lakini inatumia moja kwa wakati mmoja. Iliyoweza kuziweka zote mbili hewani, C2-00, ilifika mwaka 2011. Kwa muuza duka miaka mitatu ni maisha. Aliyeanza shule ya msingi akiona baba yake anatumia chapa moja, anakua akijua kwamba nyumbani kwao wanatumia chapa nyingine.

Nilikawia kuuelewa mzizi wa jambo hili mpaka nilipoanza kufanya kazi na kampuni za nje na kukutana na watu waliowahi kuuza simu Ulaya. Kule, kwa miaka mingi, mteja mkubwa wa mtengenezaji wa simu alikuwa kampuni ya mtandao. Yeye ndiye anayenunua simu kwa maelfu, akawapa watu kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Sasa kampuni ya mtandao inakupaje oda ya simu iliyo na nafasi ya kumkaribisha mshindani wake? Mtengenezaji anayeishi kwa oda hizo hana hamu ya kuwaudhi wanaomlisha. Ombi la yule bwana wa Mbeya lilikuwa wazi kabisa kibiashara, lakini lilikuwa linagongana na mteja mkubwa aliye karibu zaidi na meza ya wakuu. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mkakati wa kampuni kubwa: mipango inaandikwa kwenye karatasi nzuri, na bado uamuzi unafuata mkono wa yule anayeleta fedha nyingi leo.

Juu ya hilo kulikuwa na woga. Watafiti wawili, Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto na Quy Huy wa shule ya biashara ya INSEAD, waliwahoji watu 76 waliohusika na Nokia, wakiwemo mameneja wa juu, wa kati na wahandisi, ili kuelewa jinsi kampuni ilivyopoteza vita ya simu janja. Walichokieleza kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kuajiriwa: mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa wao, kwa hiyo habari mbaya zilipunguzwa makali njiani, wakubwa nao waliwaogopa washindani na wenye hisa, wakazidi kubana. Juu kukawa na picha nzuri kuliko hali halisi. Stephen Elop alipoingia kama mkurugenzi mkuu mwaka 2010 na, Februari 2011, akawaandikia wafanyakazi kwamba wamesimama juu ya jukwaa linaloungua, kwa wengi waliokuwa chini hiyo haikuwa habari mpya. Kampuni ikajifunga na Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, Septemba 2013 ikakubali kuuza kitengo cha simu kwa Microsoft, na Aprili 2014 mauzo yakakamilika. Mwaka uliofuata Microsoft ikafuta kwenye vitabu vyake dola bilioni 7.6 kwa ajili ya ununuzi huo.

Woga huo nimeuonja mwenyewe, kwenye kampuni nyingine kabisa ambayo sitaitaja. Nilikuwa na eneo kubwa: Mwanza, Shinyanga, Kahama, Geita. Kila Ijumaa nilijaza fomu ya ripoti iliyotoka ofisi ya kanda, nje ya nchi. Ilikuwa na safu za idadi iliyouzwa, mzigo uliobaki, mabango yaliyobandikwa, maduka yaliyotembelewa. Safu ya sababu za mteja kukataa haikuwepo. Nikaanza kuambatanisha karatasi yangu: wateja wa Geita wanasema chaji haikai, wa Kahama wanasema sauti ya redio ni ndogo, wauza maduka wanasema simu ikiharibika hakuna pa kuipeleka ila Dar. Baada ya muda nikapigiwa simu. Bosi hakuwa mtu mbaya, alinieleza taratibu: “Ukituma haya, na mimi itabidi niyatume juu, na juu wataniuliza kwa nini mauzo ya eneo langu yana visingizio.” Akaniomba nirudi kwenye fomu. Alikuwa na watoto wanasoma, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka kwa mwaka. Siku hiyo niliacha kuwalaumu mameneja wa kati kwa kunyamaza. Wa kuulizwa ni aliyewajengea mazingira ambamo mtu akisema kweli anahesabiwa kwamba ameshindwa kazi.

Kuna mama mmoja wa Mwaloni, Kirumba, pale Mwanza, ambaye amenifundisha kuliko semina zote nilizopelekwa hotelini. Anauza dagaa kwa magunia, wateja wake wako mpaka Lubumbashi. Nilimkuta duka la wakala wangu ameshika simu yetu mpya.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii inakaa chaji?”

“Inakaa mama, siku nzima.”

“Siku nzima ndiyo nini? Mimi dagaa wanatoka kisiwani, sipo nyumbani siku tatu.”

Akaipima kiganjani, akaigeuza, akaweka ukucha kwenye kifuniko kuona kama kinafunguka kirahisi. Akaomba tupige simu ili asikie mlio akiwa amesimama nje, barabarani, kwenye kelele za mashine na malori. Akarudi. “Mlio wake ni wa ofisini huu.” Akauliza tochi iko wapi, nikamwonyesha kwamba unaingia kwenye menyu, unabonyeza mara mbili. Akanitazama, akairudisha kwenye boksi mwenyewe, vizuri kabisa, akafunga. “Mikono yangu ina dagaa, mwanangu. Nitaingiaje kwenye menyu?” Akaaga na kuondoka. Katika fomu ya Ijumaa mama huyu hakuwepo, maana hakununua. Ila mambo yote manne ambayo mhandisi angehitaji kuyajua kuhusu soko la Kanda ya Ziwa aliyasema kwa muda ambao chai haijapoa.

Baadaye nilihamia kampuni nyingine ya nje, ndogo wakati huo. Wiki chache tu baada ya kuanza nikaambiwa mkurugenzi wa bidhaa anakuja kutoka makao makuu. Nilipanga ratiba kama nilivyozoea: mkutano na mawakala, chakula cha mchana, picha mbele ya bango. Akaikataa kwa adabu. Akaomba nimpeleke Kahama, kwenye duka ambalo mauzo yetu yalikuwa mabaya kuliko yote. Alikaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, na kijana wa kutafsiri pembeni, toka asubuhi mpaka tunashusha geti. Hakuuza hata moja. Mteja akitoka mikono mitupu, yeye alimfuata mpaka barazani na kumwuliza, kisha akaandika kwenye daftari lake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wakamweleza kuhusu siku nyingi porini bila umeme. Fundi simu wa jirani akamweleza kwamba kioo cha modeli yetu hakipatikani, na kwamba yeye mwenyewe huwaambia wateja wasiinunue. Nilidhani atakasirika. Alinunua soda, akakaa na fundi yule mpaka jioni, akamwomba amfungulie simu zetu zote zilizomfikia zimekufa.

Mzigo uliofuata ulikuja na vipuri. Hilo pekee. Hapakuwa na simu mpya, bango jipya wala punguzo la bei. Vioo na sehemu za chaji vikaanza kupatikana kwa mafundi wa Kahama na Mwanza, na mafundi wakaacha kuwafukuza wateja wetu. Mauzo yakapanda. Nikimsikia mtu anasema ushindani ni matangazo, namkumbuka fundi yule.

Kwa ngazi kubwa, mfano wa wazi wa uongozi wa namna hii ni Transsion, wenye Tecno, itel na Infinix. Mwanzilishi wake, Zhu Zhaojiang, alitoka Ningbo Bird, kampuni ya simu ya China, alikokuwa akishughulikia mauzo ya nje. Alianzisha yake mwaka 2006, na mwaka 2008 kampuni ikaamua kuweka nguvu zake Afrika. Fikiria uzito wa uamuzi huo: makao yako Shenzhen, nje ya mlango una soko la watu zaidi ya bilioni, nawe unaliacha kwa sababu pale wenye nguvu tayari wamejaa. Wengi wanasifia laini mbili, wanasifia hata ile simu ya laini nne. Mimi nasifia zaidi walichokataa kukifanya, yaani kupigana mahali ambapo hawakuwa na cha kuwazidi wengine.

Kisha wakagawa mifuko ya wateja. itel kwa anayeanza, Tecno kwa wa katikati, Infinix kwa kijana anayetaka kasi na michezo. Carlcare wakaiweka kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2011 wakafungua kiwanda Ethiopia. Na kamera wakairekebisha ipige vizuri nyuso zetu. Hili la kamera nililishuhudia kaunta moja baada ya nyingine. Ndani ya duka lenye taa moja tulikuwa tunampa binti simu mbili ajipige picha. Kwenye moja ameonekana macho na meno, kwenye nyingine ameonekana yeye. Hakuuliza tena megapikseli ngapi. Miaka mingi watengenezaji wakubwa walikuwa na wahandisi hodari kuliko hao, na hakuna sababu ya kiufundi iliyowazuia. Aliyekosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyeona kwamba sura ya binti wa Kahama ni kazi inayostahili bajeti. Septemba 2019 Transsion iliingia kwenye soko la hisa la Shanghai, kampuni ya simu iliyokuwa haiuzi simu zake China.

Kwenye huduma, hadithi ya M-Pesa inafanana. Majaribio ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga mikopo midogo: mkopaji apokee na kurejesha mkopo kwa simu, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na taasisi ya Faulu. Watu wakaanza kutumiana fedha kwa mambo yao ambayo mpango haukuyatarajia. Kiongozi mwingine angewaonya wateja watumie huduma inavyotakiwa. Hawa wakaupunguza mpango wote mpaka ukabaki jambo moja, kutuma pesa nyumbani, wakaizindua Machi 2007. Nikiwa na vijana wanaotaka kujua tofauti ya meneja na kiongozi, nawapa mfano huu na kuwaacha wajadiliane.

Kuhusu vita vya bei nitasema kidogo. Agosti 2010, baada ya mdhibiti wa Kenya kushusha malipo ambayo mitandao inalipana kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, Zain, mshindani wa Safaricom, ilishusha bei ya kupiga mitandao yote hadi shilingi 3. Bharti ya India ilikuwa imetoka kuinunua Zain Afrika kwa dola bilioni 10.7. Watu walifurahia, wakanunua laini, na Safaricom ikalazimika kushusha pia. Lakini Safaricom ilibaki mbele, kwa sababu fedha za mtu, mawakala wa mtaani kwake na namba ya shangazi anayetumiwa pesa vyote vilikuwa upande ule. Bei inamfanya mteja akujaribu. Kumfanya akae kunahitaji kitu ambacho mwenzako hawezi kukitangaza kesho asubuhi.

Hata serikali inaweza kugeuza uwanja mzima usiku mmoja. Juni 16, 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu feki, na wauzaji waliokuwa wakiishi kwazo wakabaki na makopo. Kampuni zilizokuwa na simu halali za bei ya chini, mzigo ukiwa tayari ghalani mikoani, zilivuna. Wengine bado walikuwa wanasubiri kibali cha kuongeza mzigo kutoka ofisi iliyo mabara mawili mbali.

Sasa Transsion wenyewe wamefika mahali ambapo Nokia ilisimama. Xiaomi wapo, Samsung wameshuka mpaka kwenye bei za chini na simu zao za A, na aliye juu ndiye anayelengwa na kila mtu. Nawaangalia kwa makini, na swali langu kwao ni lilelile: je, anayeandika ripoti Geita bado anaweza kuandika “wameikataa” bila kuogopa?

Kwenye biashara yangu sina fomu ya mauzo peke yake. Kila kijana wa kaunta ana daftari la wateja walioondoka mikono mitupu, na posho yake inahesabiwa kwa daftari hilo pia. Mwezi huu sababu iliyojaa ni moja: “Bei nzima siwezi, nilipe kidogo kidogo.” Na chini yake, mara nyingi, hofu: “Nikichelewa siku moja mtanifungia simu, wateja wangu watanipataje?” Mama ntilie mmoja wa Buguruni alitaka kujua kama anaweza kulipa zaidi wiki ya mwisho wa mwezi na kidogo wiki ya katikati, kwa sababu wanaokula kwake ni wa mishahara. Nimeyapiga picha madaftari na kumtumia meneja wa nchi wa kampuni ninayoisambazia. Amejibu jioni ileile kwamba anataka kukutana na yule mama kabla hajakaa na watu wa mikopo kupanga masharti. Tumekubaliana Alhamisi, saa nne, baada ya wateja wa chai kupungua.